Mkeka wa Mviringo na Mstari Ulionyooka

Mwaka niliorudi kusoma hesabu za jioni, ili nipate cheti cha kuingilia chuo cha ualimu, niliupenda mlinganyo wa mstari kuliko nilivyowahi kumpenda mtu yeyote asiye ndugu yangu. Hauna hila. Kila ukiongeza kimoja huku, kule kunaongezeka kiasi kilekile, na ukiuchora unapata mstari ulionyooka mpaka mwisho wa karatasi. Nikaanza kuuona kila mahali hapa Kikwajuni, penye haki na pasipo haki.

Wakati huo mama yangu alikuwa akimsukia mjukuu wake, binti wa dada yangu, mkeka wa mviringo wa harusi. Macho yalishapungua, kwa hiyo alisuka kwa kupapasa: ukili, ule ukanda mwembamba wa majani ya ukindu, shibiri moja kila siku baada ya alasiri. Mimi niliushona kwa kuuzungusha kutoka katikati kwenda nje. Mwezi wa kwanza ulipokwisha mkeka ulikuwa na upana wa dhiraa moja. Harusi ilibakiza miezi mitatu. Akaniuliza siku hiyo mkeka utakuwa umefika wapi, nami nikamjibu bila ya kunyanyua kichwa: dhiraa nne. Akawatangazia jamaa wote, na upande wa bwana harusi pia.

Mwezi wa pili mkeka haukuongezeka hata nusu dhiraa.

Mama aliupima kwa mkono, akaupima tena, kisha akakusanya ukindu wake akautia chini ya kitanda.

"Mikono imenitupa," alisema. "Kanunueni mkeka dukani."

Nilimwambia mikono yake mizima. Akaniuliza mbona hesabu yangu inasema vyengine. Akaanza kugawa kanga zake, na kuzungumzia kurudi kwao Makunduchi, bila ya kusema anarudi kufanya nini. Niliogopa kweli.

Wiki chache baadaye mwalimu wetu aliandika ubaoni mlinganyo usio wa mstari. Herufi moja imezidishwa kwa nafsi yake, na mchoro umepinda. Akatoa mfano wa duara: ukitaka upana mara mbili, eneo lazima liwe mara nne. Wenzangu walinakili. Mimi nilishakamata mkoba.

Nyumbani nilichukua wembe nikaanza kuufumua mkeka. Mama alisikia nyuzi zinakatika.

"Unafanya nini?"

"Nnasahihisha, mama."

Niliutandaza ukili wa mwezi wa kwanza ukumbini, kutoka mlangoni mpaka karibu na ua, na wa mwezi wa pili ubavuni mwake. Nikamshika mkono akapapasa mwanzo mpaka mwisho. Ncha zililingana. Nikamweleza kwamba mikono yake ndiyo mstari ulionyooka, kila siku shibiri ileile. Mkeka ndio unaopinda, kwa sababu kila mzunguko wa nje hula ukili mwingi kuliko wa ndani. Harusini tutafika dhiraa mbili kasoro, kwa zile wiki zilizopita bila ya kusuka. Sinia litakaa juu yake, watu watakaa sakafuni.

Alishika ukili mmoja mkono wa kulia na mwengine wa kushoto. Mimi nilikuwa nalia, na sikujificha.

"Kwa hiyo wiki zote hizi nnajiaga, kumbe umekosea wewe."

"Naam, mama."

"Mikono ikinitupa nitajua mwenyewe, usinipigie hesabu," alisema. "Nipe ukindu wangu."