Ngome ya Magogo na Zamu Niliyoikwepa

Mwaka 2013 niliondoka Durban kwenda Marekani kumwona binti yangu Consolata, mtoto pekee aliyenibakia. Majirani wa jengo letu pale South Beach walidhani nakwenda kutembea. Nilikuwa nakwenda kukiri. Kaka yake, Deo, aliuawa wakati wa vita kwetu Rumonge, Burundi, akiwa kwenye irondo, lile lindo la usiku ambalo kila nyumba ililazimika kutoa mwanamume mmoja. Nilimwambia Consolata kwamba Deo alijitolea. Haikuwa kweli. Zamu ilikuwa yangu. Nilijifunika blanketi, nikasema nina malaria, nikamtuma yeye. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Asubuhi ya safari, jirani yangu Mama Zawadi, Mkongo anayesuka nywele, alinisindikiza hadi barabarani.

"Mzee, uko naenda Amerika na hii koti ya harusi? Eish! Kule iko baridi, utarudi ndani ya boksi."

"Nitavaa mbili."

"Sharp. Salimia Konso. Mwambie akupatie kula, uko mwembamba kama antena."

Kutoka Johannesburg hadi New York nilipanga maneno. Nilianza na vita, nikaanza na homa, nikaanza na marehemu mama yao. Tuliposhuka sikuwa na sentensi hata moja iliyonyooka. Kutoka hapo, basi la mwendo wa saa tano kuelekea kaskazini, misitu mitupu, majani yamegeuka mekundu.

Mji anaokaa Consolata una barabara moja kubwa, kanisa jeupe na mto. Yeye huogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Jumamosi alinipeleka kwenye ngome, maana ndiyo fahari ya mji. Ilijengwa kwa magogo wakati Waingereza wangali wakitawala. Walowezi walijifungia humo wakiwaogopa Wafaransa, na wakiwaogopa wenyeji ambao ardhi ilikuwa yao. Mama mmoja wa Kizungu, mwenye umri wangu, alituongoza, Consolata akinitafsiria.

"Anasema kila mwanamume, kuanzia miaka kumi na sita hadi sitini, aliandikwa kwenye daftari la wanamgambo. Akiitwa ngomeni aende, au atoe mtu badala yake."

Akatuonyesha ukurasa ndani ya kioo. Jina la mkulima mmoja lilikuwa limekatwa kwa wino, na chini yake limeandikwa la mwanawe. Kijana hakurudi.

"Muulize, na baba yake?"

Consolata akauliza. "Anasema aliishi mpaka akazeeka. Kanisani alipewa kiti cha mbele." Akasonya. "Baba gani huyu! Afadhali Deo wetu, alikwenda kwa moyo wake."

"Konso, hakwenda kwa moyo wake. Zamu ilikuwa yangu. Nilisingizia malaria, nikamtuma yeye."

Yule mama alisubiri kutafsiriwa, akitabasamu. Consolata hakumtafsiria.

Siku kumi zilizobaki alinipikia, akanipigia pasi mashati, akaniambia chai iko mezani. Siku ya nane, akiosha vyombo, aliuliza bila kugeuka:

"Alijua kwamba huumwi?"

Ningeweza kudanganya tena. "Alijua. Kabla ya kutoka aliniwekea maji kando ya kitanda."

Alifunga bomba, akaingia chumbani kwake.

Kwenye kituo cha basi, siku ya kurudi, alinifunga skafu yake shingoni. "Miaka yote hii nilikuwa na kaka aliyechagua mwenyewe," alisema. "Nilikuwa nawasimulia wanangu. Sasa niwaambie nini? Wewe angalau umepumua, baba?"

Nilisema hapana. Basi likaja.

Durban nilikuta mvua. Mama Zawadi aliuliza Amerika iko aje, nikamjibu iko baridi, akacheka kwamba alinionya.

Nawaandikia wazee wenzangu wenye jambo kama langu. Nilidhani ule ukweli ni mzigo wangu, na kwamba nikiutua nitapona. Niliutua begani kwa mwanangu, na yeye hana pa kuutua. Ningesema mwaka ule ule, mama yake akiwa hai, tungeubeba watatu. Nilisubiri mpaka akabaki mmoja.