Fukusi Kwenye Tunguu

Wiki iliyopita, kwenye kliniki moja hapa Moshi mjini, nilirudisha bila saini fomu ya utafiti wa tiba ya VVU. Walihitaji pia damu yetu tusio na virusi, ya kulinganisha. Nilimuuliza muuguzi nitafaidika nini, akanijibu kwa ukweli: hakuna. Nikakaa barazani kusubiri mvua ikatike.

Mama mmoja wa Old Moshi akaketi mbele ya muuguzi yule yule, kwenye meza ya pale barazani. Muuguzi alitaka waingie ndani, mama akakataa. Alisema ameshachoka kujificha.

"Dawa zimevidhibiti virusi, mama," muuguzi alieleza, "lakini vichache vimelala ndani ya chembe za kinga. Ukiacha dawa, vinaamka. Tunaomba damu tuvichunguze."

"Kama fukusi, yule mdudu wa migomba," mama akasema, akichora mgomba mezani kwa kidole. "Unakata shina, unadhani umemaliza, kumbe yuko chini ardhini, kwenye tunguu linalootesha mizizi. Sisi tunang'oa tunguu lote."

"Hapo ndipo tulipokwama, mama. Tunguu lenyewe ni wewe."

Mama akacheka mpaka kitenge kikamdondoka begani. Kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo nitapona?"

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Si kwa utafiti huu, mama. Pengine watakaokuja."

Mama akanyoosha mkono. "Choma huu wa kushoto. Wa kulia nina kazi nao shambani."

Kila mwaka mimi hulalamika kwenye safu hii ya gazeti kwamba wanasayansi wanatuchelewesha kupata tiba. Mvua ilipokatika, nilikwenda kuiomba tena ile fomu yangu.