Tai Mzee na Samaki Mwenye Mabawa

Nilikuwa nimeshapata diploma yangu ya shule ya jioni, mtu mzima mwenye ndevu, na bado niliamini kwamba tai mla samaki akizeeka huteremka na Mto Kongo mpaka baharini, manyoya yanamtoka, anageuka samaki mpana mwenye mabawa. Nilielezwa na mama mmoja muuza samaki sokoni Lubunga, na alivyosema kwa uhakika, hata padri angeandika kwenye daftari.

Tena ushahidi ulikuwepo. Yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa, alirudi kutoka Moanda, kule kwenye bahari, na simu yenye video. Samaki mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mpana kuliko mlango wa kanisa, anaruka kutoka majini, anapiga mabawa, anaanguka pwaa! Kitabu cha biolojia kilimwita samaki aina ya taa. Mimi nikajisemea: huyo ni tai wetu, anakumbuka angani.

Papa, yaani baba yangu, ni mvuvi wa kabila la Wagenia. Vikapu vyetu vya kunasia samaki vinaning'inia kwenye nguzo zilizosimikwa kati ya mawe ya maporomoko. Kila familia ina mahali pake, na mahali hapo hupewa mtoto mmoja. Magoti ya papa yalikuwa yamekataa kupanda nguzo, akatangaza kwamba Jumapili atataja jina. Miaka kumi nilipiga kafi nyuma yake kwenye pirogi; kwa mgongo wangu ilikuwa miaka elfu. Na sasa nani alikaa ubavuni mwake kila jioni? Yaya.

"Rudisha tena," papa alimwambia. "Bon, hapo! Hapo anaruka!"

"Papa, hii niliona na macho yangu."

Papa akacheka mpaka kofia ikaanguka. Mimi, kwa miaka yote ile, sikuwahi kuiangusha kofia ile hata mara moja. Pondu, majani ya muhogo niliyokuwa nakula, ikageuka majani makavu mdomoni.

"Hata tai yetu iko na mabawa," nikasema.

"Leki yangu, mdogo wangu," yaya akajibu, "samaki hii inaweza kumufunika tai yako kama blanketi."

"Lakini iko na kucha? Wewe mwenyewe ulisema inafungua kinywa tu, vidudu vinaingia kama vumbi! Tai anaona samaki kutoka mawinguni, anashuka, kap! Huyo ndiye mvuvi."

"Alors, kesho asubuhi tutaangalia," papa akasema, akaokota kofia.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Tulipofika, tai alikuwa juu ya nguzo yetu ndefu kuliko zote, kichwa cheupe pee, nikajivuna kana kwamba nimemtaga mimi. Akashuka. Akapiga kucha majini. Hakupanda. Samaki alikuwa mzito, basi tai akatandaza mabawa juu ya maji akawa anajisukuma polepole, moja, mbili, moja, mbili, sawasawa na yule wa kwenye simu.

"Tai yako inazama!" yaya akapiga kelele kwa furaha.

Mimi nilishaona muujiza. "Papa, angalia! Anaanza kugeuka! Amezeeka, anaenda baharini!" Nikamwaga habari yote, manyoya, mama wa Lubunga, na wivu wangu ukafuata nyuma: "Ndiyo maana samaki ya yaya ni ya kwetu, ilitoka hapa! Usimupe mahali ya mitego kwa sababu ya tai yetu wenyewe!"

Tai akafika kwenye jiwe, akajikung'uta, akaanza kula.

Papa hakucheka. Alinitazama kama mtu anayekagua kikapu kilichotoboka.

"Bahari sijaiona," akasema, "ndiyo maana namuuliza yaya yako. Ya hapa nimuulize nini? Mahali ya mitego ni yako tangu zamani. Nilifikiri unajua. Jumapili ni kusema tu mbele ya watu."

Kisha akanyoosha kidole kwenye lile jiwe.

"Na yule alikamata samaki nzito, akapiga kafi kwa mabawa mpaka nchi kavu. Mifupa ya tai nimeokota hapa mara nyingi. Tai akizeeka anakufa, mutoto yangu. Hageuki samaki."