Vidole vya Mama Tumaini

Mwanangu, iko siku moja ya Juni, pale Njombe, naikumbuka hata nisipotaka.

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika kiwanda cha maziwa kilichokuwa kimebinafsishwa karibuni, na mwenye mali mpya alikuwa anatafuta wafanyakazi wa kupunguza. Mapokezini alikaa Mama Tumaini. Aliandika jina la kila mfugaji, kompyuta ikatafuta kama maziwa yake yaliwahi kukataliwa. Jibu lilichelewa mno. Foleni ya ndoo ikafika barabarani, watu wamenuna kwa baridi.

Mama Tumaini akaniambia, "Mwanangu, si ulisema mashine inaandika yenyewe, kwenye faili, kila swali la utafutaji linaloichelewesha? Hebu lisome hilo faili."

Nikamwitikia, nisilisome. Ujana huo, na kiburi cha cheti! Programu niliitengeneza mwenyewe. Ningeanzaje kuitilia shaka? Meneja alipouliza foleni inatokana na nini, nikacheka. "Ni Mama, bosi. Vidole vimeganda kwa baridi."

Ulikuwa utani. Ijumaa akapewa barua ya kuachishwa kazi.

Akaletwa binti mwepesi wa kuandika, na foleni ikabaki vilevile. Hapo ndipo nikafungua lile faili. Swali moja tu, langu, limejirudia kurasa kwa kurasa: sekunde arobaini, arobaini na mbili. Kila alipofika mfugaji, kompyuta ilisoma kumbukumbu zote za maziwa yaliyopokewa tangu siku ya kwanza, kwa sababu sikuiwekea faharasa ya majina, ile orodha ya kuipeleka moja kwa moja kwenye jina inalolitafuta. Nikaiweka. Ilinichukua dakika kumi, na foleni ikaisha.

Nilipomwomba meneja amrudishe Mama, akasema nafasi imeshajazwa. Nikapanda gari hadi Makambako, nyumbani kwa Mama Tumaini kule Mahongole, nimwombe radhi. Nilimkuta amechora herufi za kompyuta kwenye kipande cha boksi, anazigonga.

"Kamwene, mwanangu! Angalia, sasa nimekuwa mwepesi. Waambie wanijaribu tena."

Nilikunywa chai yake, nikaondoka bila kukiri kwamba kosa lilikuwa langu. Alikufa akiamini vidole vyake ndivyo vilivyomponza. Nimezeeka na jambo hili, wala sijalipatia dawa.

Basi mashine ikichelewa, soma kwanza ilichoandika yenyewe, swali kwa swali, uanze na yale uliyoyatunga wewe. Usimtaje mtu kabla hujamaliza kusoma. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, wakati uliyemuumiza angali anasikia. Mungu akupe macho ya kuyaona makosa yako, mwanangu, na ulimi ambao mimi sikuwa nao.