Beseni la Simu

Kila asubuhi prefe wa nidhamu, msimamizi wa sheria za shule, alipitisha beseni la plastiki darasani mwangu. Wanafunzi walitumbukiza simu zao, nami nikatia sahihi kwenye daftari lake. Wanafunzi arobaini na mmoja, simu ishirini na sita. Prefe alihesabu mara moja akaridhika.

Mimi, kabla ya kufundisha baiolojia, niliuza vitenge sokoni Gisenyi, kwa hiyo sihesabu kitu mara moja. Mara ya pili niliziinua moja moja. Karibu zote zilikuwa nyepesi kama kiberiti: maganda yasiyo na betri, waliyookota kwa mafundi wa simu. Simu za kweli zilikuwa chini ya madawati, zimejaa picha za kurasa za kitabu. Vitabu vyenyewe darasani vilikuwa vitatu. Hivyo navyo nilihesabu mara mbili, kwa matumaini.

Sikumwambia prefe. Wanafunzi niliwaambia, "Wekeni juu ya meza, kioo kionekane. Nikiona mpira au mapenzi, nauza."

Tukaenda hivyo miezi miwili, hadi prefe alipoingia bila kubisha, beseni la asubuhi kwapani, akakuta simu ya binti wa dawati la mbele inaonyesha mchoro wa moyo. Akaichukua.

"Hii inabaki ofisini mpaka shule ifungwe."

Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki tatu, na masomo yake yote yalikuwa mle. Binti hakulia. Aliutazama tu mkono ulioishika.

"Prefe, rudisha," nikasema.

"Madamu, sheria iko sheria."

"Bon. Na mu beseni yako iko nini?"

"Simu ishirini na sita. We ulisaini."

"Washa moja."

Akajaribu ya kwanza, akajaribu ya pili. Ya tatu ikamfunguka mkononi, ndani karatasi ya peremende. Nyuma mtu akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Andika jina langu, si lake. Mi nilimwambia aiweke mezani."

"Basi nitaishika wiki mbili."

"Hapana."

"Moja."

"Prefe, ukishuka bei haraka hivyo, mteja anajua kitenge kinachuja."

"Utaitwa kwa mkuu."

"Nitaenda, na beseni mkono huu, vitabu vitatu mkono huu. Achague atakachokionea aibu."

Akaiweka simu juu ya dawati, akaondoka na maganda yake.

Barua ya onyo ilinifikia kesho yake. Niliisoma mara mbili, sikuitia sahihi. Kisha nikawaambia wasio na simu wasogee kwa wenye nazo, tukaendelea na moyo, chumba cha kushoto.