Nyama Nyeusi Siku ya Kumwonyesha Mkwe Moto

Kwetu, upande wa mama yangu, mkwe hali chakula nyumbani kwa mama mkwe wake mpaka aonyeshwe moto. Siku hiyo wanawake wa upande wa binti hupika kila chakula kinachopikwa katika nyumba yao, wakakibeba kikiwa kimefunikwa hadi kwa upande wa mume. Mwanamke mmoja mwenye umri hufunua sufuria moja moja na kueleza: hiki ni chakula fulani, kinapikwa hivi, ukija kwetu utakikuta. Kinachopokelewa, mkwe anaweza kukila katika nyumba hiyo maisha yake yote. Kisichopokelewa hakiwekwi tena mbele yake.

Ndiyo maana nilikataa wadogo zangu waliponiambia niache rendang.

Rendang ni nyama ya ng'ombe wanayopika watu wa Indonesia. Inachemshwa katika maziwa ya nazi pamoja na viungo vilivyosagwa, kwa moto mdogo, mpaka maji yakauke, mafuta ya nazi yajitenge, na nyama ianze kukaangika katika mafuta hayohayo. Mwishoni inakuwa nyeusi. Asiyeijua hudhani imeungua.

Nilijifunza kwenye simu baada ya kumzika mume wangu. Video ya kwanza niliifungua kwa sababu ya jiwe. Mwanamke alikuwa amechutama akisaga pilipili juu ya jiwe bapa, mwili ukienda mbele na kurudi kama mama yangu alivyokuwa akifanya. Nilidhani ni mtu wa pande za Mulungwishi mpaka alipofungua mdomo. Lugha yake sikuijua, kwa hiyo niliangalia mikono. Nilisimamisha picha, nikakadiria kipimo kwa macho, nikapika. Jumapili iliyofuata nilipika chakula kilekile nikibadilisha kitu kimoja tu, ili nijue kosa lilikuwa wapi. Baada ya rendang nilipika mboga zao za mchuzi wa karanga, ambazo mtu wa mji wetu wa Likasi hahitaji kufundishwa sana, kisha wali wao wa kukaanga. Mchaichai ulikuwa nyuma ya nyumba, kama kwa kila mtu wa mtaa wetu wa Shituru. Majani ya ndimu niliomba kwa jirani. Badala ya uduvi wao nilitwanga kapenta wakavu, dagaa wetu. Nazi niliinunua ya kopo, dukani kwa Mhindi. Kilichokosekana kabisa nilikiacha.

Aliyekula yote hayo, mazuri na mabaya, alikuwa binti yangu. Ni mtoto wangu wa pekee.

"Mama, leo unataka kutuua na pilipili," alikuwa akisema, huku akimega tonge jingine la bukari.

Rendang inataka mtu wa kuikoroga mchana mzima, la sivyo inashika chini. Tulikuwa tukipokezana mwiko. Akikoroga yeye, mimi nilishona; nikikoroga mimi, alisimulia. Ni mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, katika kukoroga huko, ndipo aliponiambia habari za kijana anayenunua mawe ya madini kwa wachimbaji wa Kamatanda. Familia ya kijana ni watu wa kanisa la uamsho, sisi ni Wakatoliki. Alilelewa na shangazi yake, ambaye wote wanamwita tantine, na huyo tantine ndiye angepokea sufuria zetu.

"Yaya, hii nyama ya Bashinwa uiache ku nyumba," mdogo wangu aliniambia mimi dada yake mkubwa, siku tulipogawana kazi. Bashinwa ni Wachina.

"Haiko ya Bashinwa."

"Bashinwa, ba-Indonésie, shiye tutajua wapi? Mukwe ataona tu bilishaungua ju tulikuwa tunasengenya batu."

Walicheka. Mimi niliwauliza swali moja: Jumapili mkwe akitukuta tunaila, tutaificha sufuria chini ya kitanda? Mimi ndiye mkubwa. Nikapika.

Tulifika kwao alasiri, sufuria kichwani, tukiimba. Sebule ilikuwa imejaa wanawake. Binti yangu alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya dada za mume, kitambaa kichwani, macho chini kama inavyotakiwa. Binamu yangu mkubwa alianza kufunua. Sombe ya majani ya muhogo. Kuku mzima na kila kiungo chake, firigisi juu. Samaki wa Lufira. Maharage. Viwavi. Majani ya maboga na karanga. Kila mara tantine aliinama, akatazama, akasema, "Tunapokea," na vigelegele vikapigwa.

Kisha akafunua yangu.

Nilikuwa nimejiandaa kujibu kuhusu weusi. Maneno nilikuwa nayo tayari. Tantine hata hakuuangalia. Alivuta pumzi, akavuta tena.

"Hii harufu minye naijua," alisema. "Sitroneli. Na majani ya ndimu. Na tangawisi."

"Njo bilungo byake," nilimjibu.

"Bilungo? Mama mukwe, hii njo tunajifunikaka nayo mu bulangeti wakati ya malaria!"

Chumba kizima kiliangua kicheko, na mimi nikacheka, kwa kuwa ni kweli. Hapa kwetu mchaichai na majani ya ndimu huchemshwa sufuriani, mgonjwa akafunikwa blanketi juu ya mvuke mpaka atoke jasho. Kila mmoja pale alikuwa ameshafukizwa hivyo tangu utoto. Hakuna aliyekuwa ameyala na nyama.

"Kumbe mukwe iko mugonjwa?" mmoja aliuliza kutoka nyuma. "Anagonjwa nini?"

"Hapana mugonjwa," mwingine akamjibu. "Banataka kumukamata."

Kicheko kilikatika. Katika makanisa yao wanahubiriwa kila mara habari za mama mkwe anayemfunga mwanamume kwa chakula mpaka amsahau mama yake mzazi. Mahubiri hayo nimeyasikia mimi mwenyewe kwenye vipaza sauti vyao. Sasa mama mkwe alikuwa mbele yao, na nyama nyeusi, na majani ya dawa ndani yake.

Tantine hakuwa mtu mbaya. Alishusha sauti.

"Sisemi mubaya, mama mukwe. Nauliza tu. Batu ba mu nyumba yenu banakulaka hii?"

Lilikuwa swali la haki. Lakini neno langu halikuwa na uzito, kwa kuwa mpishi ni mimi, na wadogo zangu hawakuwa wameionja hata mara moja. Alikuwapo mtu mmoja tu wa kujibu. Tantine alimgeukia.

"Mutoto, weye unakulaka hii?"

Binti yangu aliitazama sufuria. Mimi hakunitazama.

"Hapana, tantine. Ni bintu ya mama. Minye sikulake."

"Basi tufunike," tantine alisema, akaurudisha mfuniko yeye mwenyewe, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Mengine yote yalikwenda vizuri. Walicheza, walitusindikiza. Sufuria yangu niliibeba mimi, kwa kuwa hakuna aliyejitolea. Njiani mdogo wangu, yule wa Bashinwa, alinisogelea.

"Yaya, kweli hakuna kintu ulitia?"

Binti alikuja kabla ya arusi kunieleza. "Mama, ningesema nini pale? Bangesema tuko bawili ndani." Sababu yake niliielewa. Angejibu ndiyo, wangemwogopa yeye pia, na maisha yake yangekuwa katika nyumba ile, si katika yangu. Kuielewa hakukunisaidia kitu.

Walioana. Mkwe wangu ni kijana mpole. Anakuja, anakula sombe yangu na kuku wangu, anashukuru. Ila husubiri kwanza mke wake ameze tonge la kwanza. Labda hajui kwamba naona.

Mwaka huu, akiwa na mimba, binti yangu alikuja peke yake siku ya kazi, akakaa kwenye kigoda mbele ya mbabula.

"Mama, niko na hamu ya ile nyama."

"Nyama gani?"

"Mama, weye! Ile ya nazi. Usiku nairotaka. Pika kidogo tu, nitakulia hapa hapa, hakuna muntu atajua."

Kama angesema atambebea mume wake kipande, ningewasha moto saa ileile. Hata angesema atamwambia tu. Nyama nilikuwa nayo, na kopo la nazi lilikuwa rafuni, juu ya kichwa chake.

"Haikupokelewa," nilimwambia.

Alicheka, akidhani namtania. Alipoona nachukua unga, akainamisha uso. Nilisonga bukari, nikampakulia sombe, nikamwekea maji ya kunawa. Alikula matonge machache bila kuinua uso, akashukuru kama mgeni, akasema mvua inakuja.

Bado anakuja. Huja akiwa ameshakula.