Kibuyu cha Mama na Mbwa wa Mlinzi

Kwetu Balangdalalu ukimwona mtu anatembea polepole, ujue ni mgeni au ni mgonjwa. Sisi tunakimbia. Tunakimbia kwenda shule, tunakimbia kwenda kisimani, tunakimbiza ng'ombe, na upepo wa mlimani unatukimbiza sisi. Mimi tu ndiye sikujaliwa. Mwalimu wa darasa la saba alikuwa anasema nikikimbia, hata kivuli changu kinachoka kunisubiri. Basi Mungu akanipa mdomo.

Miguu yangu yote alipewa jirani. Nyumba zetu zinatazamana. Tulichunga pamoja, tukamaliza shule ya msingi pamoja, tukapata kazi pamoja kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Mimi nilikuwa utingo wa kombaini, yaani kazi yangu ilikuwa kula vumbi. Yeye aliandikwa msaidizi wa ghala, lakini ghala lenyewe alikuwa analiona akilipita mbio. Meneja alimwajiri kwa ajili ya miguu. Akakimbilia shamba, akakimbilia mkoa, mwishowe akachaguliwa kwenda Ulaya kukimbilia nchi. Wakampa chumba kambini pale shambani, na kocha akaja kutoka mjini kukaa naye.

Sasa kwetu mtu akienda kufanya jambo kubwa kwa niaba ya wote, kila nyumba inatoa kitu. Wengine walitoa asali, wengine kuku. Mama yangu ni mjane, alikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu aliyekuwa amezaa karibuni. Akasema yeye atatoa maziwa ya asubuhi. Yote. Kila kulipokucha alifukiza kibuyu, akakamua, akabeba mwenyewe mpaka kambini. Nyumbani tukarudi kwenye chai ya rangi. Mdogo wangu wa mwisho alilia mpaka akachoka.

"Nyamaza," mama akamwambia. "Kaka yako wa ng'ambo ya njia anakwenda kutukimbilia."

"Na mimi je?" nikasema. "Mimi nakula vumbi la taifa."

"Wewe ukinywa maziwa hayashuki miguuni. Yanabaki mdomoni."

Nilikuwa namwona jirani kambini, anang'aa, anapita katikati ya ngano kama anafukuzwa na moto. Nikajivunia kwelikweli. Kilichonishangaza ni mbwa wa mlinzi tu. Mbwa wote wa kambi walikuwa mbavu tupu, lakini wale wawili wa mlinzi walikuwa wanene mpaka wanabweka wakiwa wamelala. Nikamtania mlinzi kwamba anawalisha ngano ya serikali. Akanitimua na rungu.

Siku ya mbio tulizima kombaini, tukajaa karakana kusikiliza redio. Mtangazaji alipotaja jina la jirani kwamba ameshinda, fundi mkuu, mzee mzima mwenye wajukuu, alimkumbatia meneja na grisi yake yote. Nikakimbia mpaka nyumbani. Ndiyo, mimi, nilikimbia. Mama alipiga magoti pale pale zizini, akamshika ng'ombe shingo, akalia.

Halafu, kabla hata furaha haijapoa, redio ileile ikasema amepimwa, amekutwa na dawa za kuongeza nguvu. Ushindi umefutwa, amefungiwa.

Hakuna aliyeamini. Tulisema wazungu wana wivu. Fundi mkuu alitaka kuipiga redio nyundo. Mimi ndiye nilipiga kelele kuliko wote, maana ninamjua yule mtu tangu anatembea bila suruali. Nilisema kama yeye anatumia dawa, basi mimi ni padri.

Alirudi kwa basi mpaka Katesh, akapanda lori la shamba. Jumapili akaja kanisani. Baada ya misa watu wakamzunguka uwanjani, na mzee wa kanisa akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, ulikula nini huko?"

"Shikamoo mzee. Mimi dawa sizijui. Huko sikula kitu. Mimi nilikunywa maziwa ya hapa nyumbani tu."

Mama mmoja nyuma akasema, "Maziwa? Si yule ng'ombe mwekundu alichomwa sindano na bwana mifugo?"

Ni kweli alichomwa. Aliugua ndigana kabla hajazaa, akapona. Jirani yangu mwenyewe ndiye aliyemshika pembe siku ile. Nikamwangalia, nikingoja acheke, aseme, jamani, hiyo sindano ni ya zamani. Watu wote walikuwa wamemgeukia mama yangu. Jirani akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Mimi simlaumu mama. Mama hakujua."

Aisee. Watu wakasema, tazama kijana ana moyo gani! Amesamehe! Wengine walimshika mkono. Mama yangu alisimama peke yake na kanga yake ya Jumapili.

Tangu hapo maziwa yake hayakununuliwa. Alikwenda nayo mnadani Katesh, akarudi nayo yameganda. Vijana wakawa wanamwita kwa mbali, "Mama, tupatie kikombe kimoja tufike Singida kwa miguu!" Utani wenyewe ulikuwa mzuri, ndiyo maana uliniuma zaidi. Ningeutunga mimi.

Mama hakulala vizuri. Aliamini kabisa kwamba amemharibia mtoto wa watu maisha. Mwishowe alikata majani mabichi, akayashika mkononi kama ilivyo kwetu mtu akienda kuomba msamaha, akamfunga kamba yule ndama jike wa ng'ombe mwekundu, akavuka njia kwenda kwao. Mama yake jirani aliyapokea majani. Na yeye, mkimbiaji wetu, alimpokea ndama. Kwa mikono yake. Nilikuwa nimesimama pale.

Nikaenda kwa bwana mifugo. Ni mtu wa Tanga, mpole, ana maneno.

"Shikamoo bwana mifugo. Ile dawa ya ndigana inaweza kumpa mtu mbio?"

"Marahaba. Ingekuwa inatoa mbio, yule ng'ombe tungemkamatia wapi? Na ilishatoka mwilini kabla hajazaa, kijana. Nimewaambia watu. Wanasema najitetea kwa kuwa mimi ni mgeni."

Nikamtafuta jirani. Nilimkuta njia ya katikati ya mashamba, anafanya mazoezi peke yake. Nikamkimbilia, akapunguza mwendo kwa kunihurumia.

"Niambie mimi tu," nikasema, ninahema kama trekta bovu. "Ulichomwa na nani?"

Akasimama.

"Kocha. Chumbani, pale kambini. Alisema wote wanachomwa."

"Na mama yangu?"

"Ulitaka niseme nini? Nikisema kweli, watu wote hawa watalia. Sasa hivi analia mama yako peke yake."

Alisema hivyo. Tena kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayegawa mzigo.

"Hata hayo maziwa," akaendelea, "tangu nianze zile sindano tumbo lilikuwa linayakataa. Nilikuwa nawapa mbwa wa mlinzi. Wewe mtu wa utani bwana, watanie watu, watasahau."

Jumapili nilisimama uwanjani baada ya misa nikasema yote. Kocha, sindano, mbwa. Nilipofika kwenye mbwa watu walikuwa wameshika mbavu. Mzee wa kanisa alifuta machozi ya kicheko, akanipiga bega: "Wewe kijana utatuua!" Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyocheka. Nimewachekesha maisha yangu yote kwa uongo, na siku hiyo nikawachekesha kwa kweli tupu. Jirani alikuwa pale pale, anacheka nao.

Mama peke yake hakucheka. Tulipofika nyumbani akaniuliza kitu kimoja.

"Alikuwa anawapa mbwa?"

Hakuuliza sindano. Hakuuliza kocha. Akamwangalia mdogo wangu, akaingia zizini, akakaa huko sana.

Jumapili iliyofuata alibeba kibuyu. Misa ilipoisha alipita katikati ya watu mpaka mbele ya mkimbiaji.

"Shikamoo mama," jirani akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea maziwa ya asubuhi. Ya ng'ombe yuleyule. Kunywa."

Kwetu huwezi kukataa kibuyu cha mama mbele za watu. Hata mlevi anajua hilo. Mkimbiaji wetu alikipokea kwa mikono miwili, akaangalia huku na huku, akaangalia kwa mama yake mzazi. Halafu akakiinua, akanywa. Alikunywa haraka, kama anavyofanya kila kitu, akafuta mdomo na kumrudishia.

"Asante mama."

Mama akakipokea, akaondoka. Ndipo yule mama wa siku ile, aliyetaja sindano, akasema polepole kama anajiuliza mwenyewe, "Lakini kama yana dawa, mbona amekunywa?"

Nilimwona mama yake mkimbiaji akijifunika kanga usoni, akaondoka bila kumsubiri mtoto wake.

Jioni jua halijazama, tulimsikia ndama analia nje. Hakuna aliyepiga hodi. Alikuwa amefungwa kwenye mlango wa boma, na kwenye kamba wamechomeka majani mabichi. Mama aliyatoa taratibu, akayaweka juu ya paa, maana yake ameyapokea. Kesho yake asubuhi alimpa mdogo wangu kikombe cha kwanza.

Watu walirudi kununua maziwa, kimya kimya. Mkimbiaji alihamia mjini. Siku hizi redio ikitangaza mshindi, karakana nzima inashangilia, na mimi najikuta natazama mbwa. Yale majani, mama yake ndiye aliyeyakata. Ya mkimbiaji mwenyewe hayajafika.